Magunia ya Chumba cha Pili

Agosti 3

Nimefika Joypurhat kwa basi la alfajiri. Saa tatu asubuhi nilikuwa nimesimama mbele ya ghala la baridi ambalo kuanzia leo ni mzigo wangu. Vyumba vinne vya zege visivyo na hata dirisha moja, na ndani yake magunia laki moja na elfu arobaini ya viazi vya watu. Nje unatoka jasho hata ukikaa kimya. Ndani ni nyuzi tatu. Nimevaa sweta mwezi wa nane.

Haji Jobbar, mwenye ghala, alinitembeza mwenyewe. Ni mtu mfupi, anasema haraka, anatafuna tambuu kama anagombana nalo.

"Mwaka jana wakulima kumi na mmoja walikuja kuchukua mbegu zao mwezi wa kumi na moja," akasema. "Hatukuziona. Tulikuja kuziona Januari, zimeota ndevu. Januari nani anapanda viazi, binti?"

Nikaomba daftari la ghala. Linasema chumba tu. Fungu namba 318, magunia 25, Chumba cha Nne. Chumba cha Nne kina magunia elfu thelathini na tano.

"Sasa huwa mnayapataje?"

"Tunamwuliza Kobad."

Agosti 4

Kobad Ali ni mnyapara wa mahamali sitini. Yumo humu ndani miaka thelathini na mmoja. Hajui kusoma. Mrefu, mgongo umepinda kidogo upande wa kushoto kwa kubeba, na taulo lake jekundu halitoki shingoni. Kila mtu anamwita ami.

Nilimjaribu. Nikafungua daftari popote na kumtajia namba. Ya kwanza akanipeleka moja kwa moja, daraja la tatu la sakafu za mbao, rundo la saba kutoka mlangoni, akageuza gunia na namba ikaonekana. Ya pili vilevile, na ya tatu. Ya nne akasimama, akanitazama, akatabasamu. "Umeshakula, mama?" Nikamwambia nimekula. Akacheka, akatoka nje kuvuta sigara, na mahamali wakacheka pamoja naye.

Nimeelewa. Huyu ndiye mwenye funguo, na anataka nijue hivyo.

Agosti 6

Nimeandika mpango. Miaka sita nimeshika stoo ya kiwanda cha nguo kule Gazipur, vifungo na zipu na uzi, na hakuna sanduku ambalo sikuweza kulifikia kwa dakika mbili. Viazi si vifungo lakini kanuni ni ileile: kila kitu kiwe na anwani. Kila nguzo itapigwa rangi herufi yake, kila daraja namba yake. Kila fungu litakuwa na kadi mbili, moja ofisini na moja kwenye rundo. Gunia lisisogee bila kadi kuandikwa. Nitahesabu chumba kimoja baada ya kingine, na kazi hiyo iwe imekwisha kabla mbegu hazijaanza kutoka mwishoni mwa Oktoba.

Haji ameafiki. "Ila Kobad usimuudhi," akasema.

Agosti 9

Mvua kutwa. Rangi haikauki.

Agosti 10

Mvua. Rangi.

Agosti 14

Tumeanza kuhesabu Chumba cha Kwanza. Niliuliza Chumba cha Pili kina nini, nijue nianze na kipi. Kobad akajibu kabla sijamaliza: "Cha Pili ni viazi vya kula tu, vya wafanyabiashara. Usipoteze siku zako humo." Shukkur, yule hamali kijana mwenye ndevu chache anayemfuata kila mahali, akaitikia kwa kichwa. Daftari nalo linasema hivyohivyo. Nimekiweka mwisho.

Agosti 21

Chumba cha Kwanza kimekwisha. Daftari lilikuwa na makosa mia mbili na kumi na nne. Nirmol, fundi wa mitambo, alikuja kuangalia ubao wangu ukutani. Kazi yake ni mashine za amonia za kupoza vyumba na majenereta, na anaishi kati ya kelele hizo kwa hiyo huongea kwa sauti ya juu hata mahali penye utulivu.

"Dada, umefanya ghala lionekane kama mji."

"Ndiyo nia yangu."

"Lakini mji una wenyewe," akasema, akaondoka zake.

Septemba 2

Ni wakati wa kugeuza magunia, maana yakilala upande mmoja muda mrefu viazi vya chini huoza. Mahamali huyashusha na kuyapanga upya, rundo kwa rundo. Nimewaonya: kila fungu lirudi mahali pake, kadi juu yake.

Septemba 5

Kadi kumi na saba nimezikuta sakafuni, zimelowa. Nikamwuliza Kobad. Akaniambia nimwulize Shukkur. Shukkur akaniambia ni upepo wa mafeni. Mafeni yalikuwepo tangu magunia yaingie Machi.

Septemba 6

Kobad ameniuliza mara tatu leo kama nimekula. Mara ya tatu mahamali walikuwa wanasikiliza. Nikamjibu kwa sauti, "Nimekula, ami, na nikila tena nitakutumia habari." Wakacheka, safari hii upande wangu. Yeye hakucheka. Alinitazama kama mtu aliyekanyagwa mguu na asiyemjua aliyemkanyaga.

Septemba 13

Umeme umekatika saa sita mchana hadi saa kumi. Jenereta moja limegoma kuwaka. Nirmol alilifungua na kulifunga bila kusema neno, na akikaa kimya huyu mtu ndipo napata hofu. Chumba cha Tatu kilipanda hadi nyuzi sita. Kiazi cha mbegu kikipata joto kinadhani ni wakati wa kuota.

Septemba 22

Katika Chumba cha Tatu mafungu niliyoyapa anwani wiki iliyopita hayapo kwenye anwani zao. Nilisimama na kadi mkononi mbele ya rundo la C-4, kadi inasema Fungu 1109, na magunia yanasema 860. Mtu ameyahamisha. Nikamwuliza hamali mmoja, nani ametoa amri. Akasema, "Ami." Nikamwendea Kobad. Akasema hakutoa amri yoyote. Alisema akinitazama usoni, bila kupepesa jicho.

Sijawahi kuona mtu anayedanganya kwa utulivu namna ile.

Septemba 23

Sasa namfuatilia. Yeye na Shukkur hawaachani. Kobad akisimama mlangoni mwa chumba, Shukkur anamsogelea sikioni na kusema kitu, ndipo Kobad anaingia na kutoa amri. Nikikaribia wananyamaza.

Kwenye stoo ya Gazipur tuliwahi kumpata mtu akitoa zipu kwa nyuma. Naye alikuwa na mwenzake wa kumnong'oneza.

Septemba 30

Nimemwambia Haji. Hakutaka kusikia. "Kobad alibeba gunia la kwanza kuingia humu. Mimi mwenyewe sikuwa na ndevu." Nikamwambia basi aniruhusu jambo moja tu: nimtoe Shukkur ndani nimpeleke uwanjani, kule chini ya paa ambako magunia yanayotoka humwagwa viazi vikauke kabla mwenyewe hajavichukua. Haji alitafuna tambuu lake muda mrefu. Akakubali.

Oktoba 1

Shukkur alinijia ofisini, akasimama mlangoni, taulo mkononi.

"Dada, niache ndani na ami. Uwanjani weka mtu mwingine yeyote."

"Kwa nini?"

"Nimezoea."

"Utazoea na huko."

Alitaka kusema kitu kingine. Nilikuwa nimeshika kalamu, nikaendelea kuandika mpaka akaondoka.

Oktoba 8

Mvua zimekwisha ghafla, kama mtu aliyefunga bomba. Anga ni safi. Wakulima wameanza kulima.

Oktoba 12

Nirmol yuko kwao kwa sikukuu ya mungu wa kike wa Wahindu, siku nne. Msaidizi wake anashika mashine kama anashika nyoka. Nimelala vibaya wiki nzima.

Oktoba 19

Chumba cha Tatu na cha Nne vimekwisha kuhesabiwa. Katika Chumba cha Nne, ambacho ndicho cha mbegu, kuna upungufu. Nimehesabu mara mbili. Mafungu kumi na moja yaliyomo kwenye daftari hayamo chumbani. Magunia mia tatu na sitini. Yote ni mbegu, na yote ni ya wakulima wa vijiji vya mashariki ya mto.

Kumi na moja tena, kama mwaka jana.

Oktoba 29

Sontosh Barman amekuja na stakabadhi yake, imekunjwa ndani ya mfuko wa nailoni. Fungu 2217, magunia arobaini. Ni mtu wa makamo, mpole, miguu imepasuka kwa udongo. Nikamwambia arudi baada ya siku mbili.

"Shamba limeshalimwa, dada," akasema. "Udongo ukikauka, nitalima upya na ng'ombe wa kuazima."

Fungu 2217 ni mojawapo ya yale kumi na moja.

Oktoba 31

Amerudi. Nimemwambia kesho.

Novemba 1

Amerudi na wenzake wanne. Nimemwambia kesho. Hakuna aliyenipigia kelele. Walikaa getini wakala mchele wa kukaanga kutoka kwenye karatasi, wakatutazama.

Novemba 2

Lazima niandike haya kama yalivyokuwa, hata sehemu yangu.

Asubuhi walikuwa watu karibu sabini getini. Habari ilikuwa imevuka mto. Mlinzi alifunga lango, jambo lililowaudhi zaidi, na mtu mmoja aitwaye Ahad Mondol akaanza kugonga chuma kwa jembe, taratibu, pigo moja moja. Haji alikuwa njiani kutoka mjini. Nilikuwa mimi tu.

Nikamwita Kobad uwanjani, mbele ya mahamali wote. Sikumwita ofisini. Nilitaka wasikie.

"Ami, Fungu 2217 liko wapi?"

"Lipo," akasema.

"Lipo wapi?"

"Mahali pake."

"Mahali pake ni Chumba cha Nne. Nimekihesabu mara mbili, halipo."

Akasugua kidevu. Akageuza kichwa, akatafuta kitu uwanjani kwa macho, na macho yake yakatua kwa Shukkur, aliyekuwa kwenye lundo la viazi na ufagio mkononi. Shukkur akapiga hatua moja. Nikamwambia abaki palepale.

"Usimwangalie yeye, niangalie mimi. Mwaka jana mafungu kumi na moja. Mwaka huu mafungu kumi na moja. Kila ninachokiandika kinahamishwa. Umemuuzia nani, ami?"

Lile jembe getini lilisikika vizuri sana.

Kobad hakukasirika. Ningependa angekasirika. Alivua taulo shingoni, akalikunja mara mbili, akaliweka juu ya mzani, kama mtu anayekabidhi kazi. Akasema polepole, "Mimi sijawahi kula kiazi cha mtu." Akaenda zake upande wa vyumbani.

Mahamali hawakunitazama siku nzima. Haji alifika mchana, akawaahidi wakulima siku tatu. Kwa nini tatu, hata yeye hajui.

Novemba 3

Saa mbili asubuhi Kobad aliingia ndani peke yake. Mlinzi alimwona, ana tochi ya kichwani na sweta lake la kijani. Saa nne Shukkur akaja ofisini mbio, hakusimama mlangoni safari hii.

"Ami hajatoka."

"Labda ametokea mlango wa nyuma."

"Dada, hajatoka. Mle ndani hawezi kukaa peke yake. Hawezi."

Sikumwelewa, lakini niliuona uso wake nikainuka. Mtu haruhusiwi kukaa mle zaidi ya nusu saa bila kutoka kupasha mwili joto. Alikuwa ameshakaa saa mbili.

Tulianza na Chumba cha Nne, kwa sababu mbegu ni za huko na tulidhani amekwenda kuzitafuta. Mahamali ishirini na tochi, kila mmoja uchochoro wake. Nyuma ya marundo kuna nafasi za upana wa bega, na mtu akipanda daraja la tano anatembea juu ya mbao zenye utelezi wa umande. Tuliita. Mafeni yanakula sauti. Unamwita mtu aliye hatua kumi, hasikii. Saa tano kasorobo tulikuwa tumemaliza Chumba cha Nne na hayupo. Tukaingia cha Tatu. Vidole vyangu vilikuwa havifungi tena.

Nikakimbia kwa Nirmol. "Zima mafeni. Vyumba vyote."

"Nikizima kila kitu, joto litapanda, na kuwasha upya—"

"Zima."

Hakubishana. Nimekaa hapa miezi mitatu, na sikuwahi kusikia ghala lile likiwa kimya. Mlio ulishuka, ukashuka, ukaisha, na badala yake tukasikia matone ya maji yakidondoka kutoka kwenye mabomba. Tulisimama kwenye korido, watu thelathini, kila mtu amezuia pumzi. Ndipo ikaja sauti, ndogo, ya mtu anayehesabu. Kumi na nane. Kumi na tisa. Ishirini. Ilitoka Chumba cha Pili.

Chumba cha Pili, ambako sikuwahi kuhesabu hata gunia moja.

Shukkur alifika kwanza. Kobad alikuwa daraja la pili, nyuma kabisa, ukuta wa kaskazini chini ya mabomba, mahali baridi kuliko pote. Alikuwa amekaa sakafuni, magoti kifuani, tochi imekufa. Midomo yake ilikuwa rangi ya zambarau. Pembeni yake kulikuwa na magunia aliyoyashusha, sita au saba, mzee wa miaka sitini na tatu peke yake, gizani.

"Ami, ni mimi."

"Mlango wameuhamisha," akamwambia Shukkur. Hakulalamika, alikuwa anatoa taarifa tu. "Nimeutafuta. Wameuhamisha."

Wakambeba. Mimi nilibaki nyuma na tochi. Nikamulika magunia aliyokuwa ameyashusha. Kwenye gunia la juu, kwa rangi nyeusi ya Machi: 2217.

Novemba 4

Daktari wa kituo cha afya anasema baridi haikumdhuru sana, atapona. Kile kingine hakitapona.

Shukkur alinieleza tukiwa tumekaa kwenye benchi nje ya wodi. Miaka miwili sasa. Kwanza alisahau majina ya mahamali wapya. Kisha akaanza kuuliza jambo lilelile mara mbili, mara tatu. Mahamali waligundua mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyesema, kwa sababu nani angempa kazi nyingine, na kwa sababu hakuna hata mmoja wao ambaye Kobad hakuwahi kumbebea gunia siku alipokuwa mgonjwa. Shukkur akawa anatembea naye. Akimnong'oneza sikioni alikuwa anamkumbusha: huyu ni fulani, hiki ni Chumba cha Tatu, leo tunageuza. Alipokuwa naye, makosa yalikuwa machache. Mwezi wa tatu Shukkur alikuwa na homa wiki mbili, wakati wa kuingiza mbegu ghalani. Mwaka uliotangulia alikwenda kumzika mama yake, wakati uleule.

"Na mwezi wa kumi mimi nikakutoa," nikasema.

"Ndiyo, dada."

"Ungeniambia."

"Ungemfukuza."

Ningemfukuza. Nimeandika ili nisije nikajidanganya baadaye.

Novemba 5

Usiku kucha nilikuwa najiuliza, kwa nini Chumba cha Pili. Asubuhi nilimwuliza Haji. Akasema zamani, kabla hawajaongeza mabomba kwenye Chumba cha Nne, mbegu zote za mashariki ya mto ziliwekwa Chumba cha Pili. Walibadilisha miaka minne iliyopita.

Kwa hiyo Kobad hakupoteza kitu. Machi, bila Shukkur, aliwapeleka mahamali mahali alipopajua miaka ishirini na saba. Nao walimtii. Viazi vya wafanyabiashara vikapangwa mbele ya mbegu hizo, daftari likaandikwa kwa mazoea, basi.

Kobad ameruhusiwa kurudi nyumbani, nikamfuata huko na karatasi. Mkewe, Jomila, alinifungulia, hakunikaribisha kwa neno, akanionyesha kitanda kwa mkono. Kobad alikuwa amekaa kwenye blanketi anakula wali na viazi vya kuponda kwa mafuta ya haradali.

"Umeshakula, mama?"

"Bado, ami."

Jomila akaleta sahani ya pili. Akaiweka kwa nguvu kidogo.

Nikaacha kumwuliza habari za mwaka huu. Nikamwuliza zamani. Zamani, mbegu za akina Mondol mlikuwa mkiziweka wapi? Akajibu akiwa anatafuna, bila kufikiri: daraja la kwanza, pembeni ya nguzo yenye ufa, kwa sababu Mondol huchukua mapema. Na za wale wa kivuko? Daraja la tatu, nyuma, wao huchelewa. Mafungu kumi na moja, majibu kumi na moja. Kila jibu lilikuwa na sababu yake. Nikachora ramani ya Chumba cha Pili jinsi kilivyo kichwani mwake, na mkono wangu ulikuwa unakimbia ili usiachwe.

Ni ghala lililopangwa vizuri kuliko langu.

Novemba 6

Tunachimba. Magunia elfu nne ya mbele lazima yatoke ndipo ya nyuma yafikiwe. Wakulima walisikia, Sontosh Barman na wengine kama thelathini wakaomba kuingia kubeba. Haji akasita. Nikawafungulia mimi.

Novemba 7

Mafungu matano. Yote yako alipotaja.

Novemba 8

Manane. Umeme umekatika mara mbili. Nirmol analala na mashine zake.

Novemba 9

Yote kumi na moja yamepatikana. Tisa ni mazima, yameanza kuchomoza macho kidogo tu. Mawili yalikuwa chini ya bomba linalovuja, yameoza. Unashika gunia linakuachia maji mkononi. Moja la mjane wa kivuko, moja la Ahad Mondol. Haji amewapa mbegu kutoka kwenye zake. Mjane alichukua akashukuru. Ahad alitazama kiazi kwa muda, akakigeuza.

"Hii si mbegu yangu. Ile niliichagua mwenyewe miaka sita, kiazi kwa kiazi."

Hakuna kadi inayoweza kumrudishia hiyo. Alichukua magunia akaondoka bila kugonga kitu.

Novemba 10

Sontosh Barman amepanda leo. Ameniletea habari mwenyewe, akiwa na udongo hadi magotini.

Novemba 15

Haji anataka kumstaafisha Kobad na kumleta mnyapara kutoka mjini. Nikamwambia mnyapara ni Shukkur, amekuwa mnyapara miaka miwili bila jina. Na Kobad aje akiweza, akae na mimi wakati wa kuingiza mbegu mwakani, nimwulize. Haji akasema ghala si nyumba ya wazee. Nikamwambia yote: kwamba nilimtoa Shukkur, nilimwita Kobad mwizi mbele ya watu, nilikihesabu kila chumba isipokuwa kimoja. Kama kuna wa kufukuzwa, orodha ianze na mimi. Alitema tambuu, akaniambia niende nikafanye kazi.

Novemba 18

Ukungu asubuhi. Magunia mia sita yametoka.

Novemba 24

Nimekwenda kumwomba Kobad msamaha. Nilikuwa nimejipangia maneno njia nzima. Alikuwa ameketi juani mlangoni. Nikachuchumaa mbele yake, nikayasema yote: uwanjani, mbele ya mahamali, nilikuita mwizi, nilikosea, nisamehe.

Alinisikiliza kwa adabu, kichwa kimeinama. Nilipomaliza akageuka kwa mkewe.

"Huyu binti ni wa nani?"

Jomila alikuwa anachambua mchele. Hakuinua macho. "Wa ghalani."

"Ameshakula?"

Nilibaki nimechuchumaa, sijui niinuke au nibaki. Kisha Jomila akaweka ungo chini.

"Yeye hakumbuki," akasema. "Mimi nakumbuka. Siku ile alirudi bila taulo lake. Alikaa hapo ulipo akaniuliza, Jomila, mimi nimeiba nini? Mpaka asubuhi aliniuliza. Kwa hiyo niombe mimi."

Nikamgeukia, nikamwomba yeye. Maneno yote niliyoyapanga yalikuwa yamekwisha, nikasema machache tu.

Akaokota punje mbili zilizoanguka, akazirudisha kwenye ungo.

"Ulisema mbele ya watu," akasema. "Ukasafishe mbele ya watu. Halafu uje, tutaona."

Desemba 4

Vyumba viko wazi. Milango yote minne imefunguliwa, mafeni yamezimwa, na hewa ya nje inaingia mle ndani kwa mara ya kwanza tangu Machi. Gunia la mwisho limetoka saa nne asubuhi. Mahamali wanatawanyika kesho, wengine mashambani, wengine kwenye matanuri ya matofali.

Nilimwomba Shukkur awakusanye uwanjani. Alimleta na Kobad kwa baiskeli ya mizigo, amevaa shati safi, Jomila nyuma yake amejifunika mtandio. Haji alikuja akasimama pembeni, sikumwita.

Sikuwa na karatasi. Nikasema tarehe mbili Novemba, hapa nilipo, nilimwita Kobad Ali mwizi na nyote mlisikia. Hakuiba. Kila gunia nililosema ameuza alikuwa ameliweka kwa uangalifu kuliko mimi ninavyoweka vitu vyangu. Aliingia baridini kumtafutia mkulima mbegu yake baada ya mimi kumtukana, na angekufa. Niliwaona mnamficha nikadhani mnaficha wizi. Mlikuwa mnamtunza. Namwomba radhi yeye, na mkewe, na ninyi.

Mtu mmoja alikohoa. Kobad alikuwa amesikiliza kwa makini, mkono nyuma ya sikio. Akamwinamia Shukkur, lakini sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kushindana na mafeni, tukasikia sote.

"Anamsema nani?"

Shukkur alitazama chini. "Mtu mmoja wa humu ndani, ami."

"Ni mtu mzuri?"

"Mzuri sana."

Kobad akaitikia kwa kichwa, ameridhika. "Basi ni vizuri wamesema."

Watu wakaanza kuondoka. Jomila alipita karibu yangu bila kusimama, akafika kwenye baiskeli, akamsaidia mumewe kupanda. Kisha akageuka.

"Ijumaa," akasema. "Njoo ule."

Baiskeli ikaondoka. Nikaingia Chumba cha Pili na ndoo ya rangi, nikaanza na nguzo yenye ufa.